Nilishikwa na Baridi Ulaya

Utani ulianzia kwenye kundi letu la WhatsApp, mwezi Juni, siku tulipomaliza mtihani wa mwisho wa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. "Jumamosi ya pili ya Julai tunaenda Ulaya," aliandika kiongozi wa darasa, ambaye sote tunamwita CR. "Viza haihitajiki. Njoo na mapaja yako tu."

Kwa asiyeijua, Ulaya hii ni kata ndani ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Ipo kwenye barabara inayotoka Kilosa mjini kwenda Mikumi, safari ya karibu kilomita 80. CR amezaliwa Kilosa na anamfahamu fundi mmoja anayekodisha baiskeli aina ya Phoenix, zile nzito, zisizo na gia, zenye keria ya kubebea gunia la mkaa. Mpango ulikuwa tutoke Kilosa alfajiri, tunywe chai Ulaya, jioni tuwe Mikumi tunakula nyama choma pembeni ya barabara kuu ya Iringa. Baiskeli zingerudishwa na lori. Tulijiandikisha watu sita. Jina langu lilikuwa la pili.

Kuna jambo ambalo sikuliandika kwenye kundi. Nina selimundu, ile ambayo mtaani tunaiita siko seli.

Nilizaliwa nayo, kama wanavyozaliwa nayo watoto wanaokadiriwa kufika 11,000 kila mwaka hapa Tanzania. Baba alinipa nusu na mama akanipa nusu, na wote wawili hawakujua kuwa wanayo. Chembe nyekundu za damu yangu zikikosa oksijeni hujikunja kama mundu, zikawa ngumu, zikaziba mishipa midogo. Damu isipopita, mfupa unalia. Sina neno jingine la kueleza maumivu yale. Na vitu vinavyoyaamsha vinajulikana: kukaukiwa maji mwilini, homa, uchovu mkubwa, baridi. Ukisoma orodha hiyo vizuri, utaona kwamba safari ya baiskeli ya kilomita 80 ina karibu yote.

Basi kwa nini nilienda?

Shule ya msingi, kila kipindi cha michezo, mwalimu alikuwa ananiambia nikae kivulini nishike saa na viatu vya wenzangu. Nilishika viatu kwa miaka saba. Chuo cha kwanza niliwaambia rafiki zangu wote mapema, nikidhani huo ndio uungwana. Hawakunitenga, ila taratibu waliacha kunialika. Walienda mlimani, wakaenda baharini, wakanionyesha picha. "Tulikuonea huruma," walisema. Nilipokuja Morogoro kwa shahada ya pili nikaamua kuwa mtu mzima asiye na historia. Dawa zangu nilizihamishia kwenye kopo la vitamini. Rafiki ninayeishi naye chumba kimoja aliwahi kuniuliza mbona nazimeza kila siku. Nikamwambia zinasaidia ngozi.

Sikwenda kijinga, lakini. Nilifanya mazoezi wiki nne, nilibeba lita tatu za maji, na mwezi niliupenda. Masika huisha Mei. Juni hadi Agosti ni kipupwe: asubuhi baridi kidogo, mchana jua jepesi, barabara kavu yenye vumbi. Watu wa Kilosa wanaiheshimu mvua, maana mto Mkondoa unaopita mjini kwao ulivunja kingo mwishoni mwa Desemba 2009 na maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema. Lakini mvua hiyo ina msimu wake. Mvua ya Julai hakuna aliyeihesabu.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Milima ya Rubeho, iliyotakiwa kuwa upande wetu wa kulia, haikuonekana, wingu lilikuwa limeifunika mpaka miguuni. Fundi alitazama juu akavuta kola ya koti lake. "Hilo litapita," alisema. Saa ya kwanza nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Nilikuwa wa tatu kwenye msafara, mnyororo unalia kwa mdundo wake, watoto wanakimbia pembeni wakipiga kelele "Wanafunzi! Wanafunzi!" sijui walitujuaje. Mikono yangu ilikuwa imeshika usukani, si viatu vya mtu.

Manyunyu yalianza kiasi cha saa mbili na nusu. Hayakuwa na nguvu, na hilo ndilo lilitudanganya. Mvua kubwa ingetufukuza tukajikinga, hii ilikuwa inatulowanisha polepole, na upepo wa kusi ukawa unaikausha miilini mwetu na kutulowanisha upya. Kisha tukaingia kwenye kipande cha udongo mweusi. Aliyewahi kupita kwenye udongo ule ukiwa umelowa anajua: unashika tairi, unajaa kwenye madigadi, gurudumu linakataa kuzunguka. Tukawa tunasukuma hatua ishirini, tunasimama, tunachokoa tope kwa vijiti, tunasukuma tena. CR alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa nimeacha kunywa maji, kwa sababu nani anakumbuka kiu akiwa anatetemeka?

Yalianzia kwenye ugoko wa kushoto. Nikajiambia ni misuli. Yakahamia gotini, yakapanda nyonga. Mwili wangu nimeishi nao miaka ishirini na sita, nilijua kabisa ni nini. Nikaendelea kusukuma kwa karibu saa nzima nikiwa najua. Katika mambo yote ya siku ile, saa hiyo moja ndiyo ninayoionea aibu.

Tulipoanza kuziona nyumba za Ulaya, nilishuka kwenye baiskeli na mguu haukunipokea. Nilikaa chini kwenye tope. Wenzangu walicheka kwanza, maana kila mtu alikuwa ameshaanguka mara mbili tatu. Kisha wakaacha kucheka.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya bibi mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni, kanga imefunika kichwa na mabega.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mbona mmenyeshewa hivyo? Ingizeni mgonjwa huyo jikoni, moto upo."

Jiko lilikuwa la mafiga matatu, na kuni zilikuwa zinatoa moshi mwingi kuliko moto. Alinivua sweta lililolowa, akanifunga kitenge kikavu, akanipa maji ya moto yenye tangawizi. Nilikuwa nimekunja magoti mpaka kifuani. Bibi alinitazama muda mrefu. Akachuchumaa karibu yangu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mjukuu wangu, maumivu haya unayajua?"

"Nayajua, bibi."

"Na hawa wenzako?"

Sikujibu. Aliinuka, akaenda kukoroga chungu chake, kama mtu aliyeshasema la kwake.

Niliwaambia pale pale, tano wao wamesimama mlangoni wakivuja maji. Niliyasema kwa maneno machache kwa sababu pumzi ilikuwa inakatika. Rafiki yangu wa chumba alisema, "Zile za ngozi," kisha hakusema kitu kingine. CR alikasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningekuambia, ungeniruhusu kuja?"

Alifungua mdomo, akaufunga. Mvua ilikuwa inagonga bati.

"Hapana," alisema. "Nisingekuruhusu."

Namshukuru kwa jibu hilo mpaka leo. Angeweza kusema uongo mzuri. Kwa hilo "hapana" nilijua kwamba hofu yangu haikuwa ya kubuni. Lakini nilipomtazama usoni, niliona kitu ambacho kwa mwaka mzima sikuwa nimekifikiria. Alikuwa anaogopa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, kilomita nyingi kutoka hospitali, na mtu ambaye angeweza kumfia mikononi kwa ugonjwa ambao hakuwa ameambiwa. Mimi nilikuwa nimekubali hatari ile kwa hiari yangu. Wao nilikuwa nimewabebesha bila kuwauliza, kama mtu anayefunga mzigo kwenye keria ya mwenzake akiwa amelala. Nilichukia kuamuliwa na watu, na hapo nami nilikuwa nimewaamulia watu watano.

CR alikimbia kutafuta usafiri. Nami nikampigia mama, aliyeko Tanga.

"Mama, nimeshikwa na baridi. Niko Ulaya."

Kimya. Kisha: "Ulaya umeenda lini?"

Nilicheka, na kucheka kuliuma mpaka mbavuni. Mama aliposikia kicheko hicho alielewa kila kitu, maana amekisikia wodini tangu nikiwa mdogo. Hakunigombeza. Aliniuliza nimekunywa maji kiasi gani, akasubiri kwenye simu mpaka nikamaliza kikombe.

Fuso la mpunga lilipatikana saa nane mchana. Dereva alinikalisha katikati, kati yake na utingo, karibu na joto la injini. Rafiki yangu wa chumba alikaa nyuma juu ya magunia, chini ya turubai. Wengine niliwaomba waendelee na safari yao. Walikataa, nikawaambia wakikataa watakuwa wamenipa viatu nivishike. Hawakuelewa maana yake, lakini walielewa sauti. Walilala Ulaya, na kesho yake wakamalizia safari.

Nililazwa Mikumi siku tatu, dripu mkononi na blanketi mbili. Jioni ya pili waliingia wodini wanne, wamekauka tope mpaka nyusi, muuguzi akawafukuza wakanawe kwanza.

Usiku ule nilimfikiria Walter Clement Noel, niliyewahi kusoma habari zake. Mwaka 1904 Noel alitoka Grenada, kisiwa cha Karibi, akaenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Desemba hiyohiyo, kwenye baridi ya kule, alilazwa. Daktari mdogo aliyempokea, Ernest Irons, aliona kwenye hadubini chembe za damu zenye umbo la ajabu, na mwaka 1910 mkuu wake, James Herrick, akachapisha makala iliyoutambulisha ugonjwa huu kwa tiba ya kisasa. Jina la Noel halimo kwenye makala hiyo, yumo tu kama mwanafunzi mgonjwa. Lakini mgonjwa huyo alihitimu mwaka 1907, akarudi kwao, akatibu meno ya watu mpaka alipofariki mwaka 1916. Nimewahi kujiuliza mambo mengi juu yake. Usiku ule nilijiuliza moja tu: wanafunzi wenzake walijua? Kulikuwa na mtu wa kumwambia, "Leo kuna theluji, tusubiri kidogo"?

Baiskeli yangu ilibaki kwa bibi. Fundi alikuwa mvumilivu wiki ya kwanza, ya pili akaanza kuhesabu siku na hela. Mwanzoni mwa Agosti nilirudi Ulaya kuichukua, pamoja na CR na rafiki yangu wa chumba, nimebeba kilo mbili za sukari na kitenge kipya. Bibi alipokea sukari, akakitazama kitenge, akanionyesha picha ndogo iliyobandikwa ukutani. Mvulana wa sare za shule.

"Huyu naye alikuwa anakunja magoti hivyohivyo," alisema. "Tulidhani ni uvivu wa shule. Alipofika darasa la nne akatuacha. Ugonjwa wenyewe tumekuja kuambiwa jina baadaye."

Sikupata la kumwambia. Nilishika mkono wake, tukakaa.

CR alikuwa amepanga baiskeli yangu ipakiwe kwenye gari. Nilimwambia nataka kuiendesha mpaka Kilosa. Nilimweleza nimekunywa maji kiasi gani tangu asubuhi, daktari alisema nini, na dalili zipi zikija nitasimama. Alisikiliza yote. Nilimwona anaitafuta ile "hapana" mdomoni. Kisha akauliza, "Tuondoke saa ngapi ili jua liwe limepanda?"

Tuliondoka saa nne. Barabara ilikuwa kavu, vumbi tupu. Tulikwenda polepole kiasi kwamba mzee mmoja mwenye gunia mbili za mkaa alitupita akatusalimia, "Poleni na safari." Baada ya muda, sijui ni kilomita ya ngapi, nilihisi miguu inaanza kuwa mizito. Haikuwa maumivu, ilikuwa uchovu tu, uchovu wa kawaida kama wa mtu yeyote. Zamani ningeumeza.

"Nimechoka," nikasema, kwa sauti.

Walisimama. Tulikaa chini ya mbuyu, rafiki yangu akafungua chupa ya chai, CR akalaza baiskeli yake kwenye nyasi na kuvua viatu. Hakuna aliyeniuliza swali. Baada ya kikombe cha pili, mimi ndiye niliyesema twende.