Samaki wa Mti Kisiwani Rusinga

Ukiwa Kisumu na joto la mji limekuchosha, panda matatu hadi Luanda K'Otieno, kisha uvuke kwa feri hadi Mbita. Hapo pana daraja la kukufikisha kisiwani Rusinga, alikozikwa marehemu Tom Mboya. Wageni wengi hulitazama kaburi, wakapiga picha, wakarudi. Mimi nilichelewa kwa sababu ya samaki wa mti.

Mwenyeji wangu, mama mjane, alimtoa sandukuni akiwa amefungwa leso. Rangi ilikuwa imebambuka na ndoana zimeshika kutu. Marehemu mumewe aliwapeleka watalii kwa mashua kuvua mbuta, yule samaki aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na ambaye aweza kupita kilo 100. Kitinda mimba alikuwa nyumbani, amefukuzwa shule kwa karo. Kaka yake alikuwa amesikia kwamba kuna Wazungu wanaonunua vyambo bandia vya kale kwa pesa nyingi.

"Wewe ni mtu wa magazeti," akaniambia, "tuambie huyu ametoka wapi."

Je, msomaji, ungeanzia wapi? Kwanza, usimsugue wala kumpaka rangi mpya. Kijana alikwisha kununua msasa, nami nikamsihi auweke kando, maana rangi ya awali ndiyo wanunuzi waitafutayo. Kisha tazama macho. Vyambo vingi vya zamani vya Marekani, kama vile vya Heddon wa Dowagiac, Michigan, vina macho ya vioo. Ya huyu yalikuwa matone ya rangi tu.

Halafu mdomo, yaani kile kibati cha chini ya kidevu kinachomfanya samaki ayumbeyumbe majini. Hapo moyo ulinidunda, kwani umbo lilifanana na la Rapala. Mvuvi Lauri Rapala wa Finland alichonga chambo chake cha kwanza mwaka 1936 kwa koki, akakizungushia karatasi ya chokoleti na kukipaka filamu za picha zilizoyeyushwa. Mbuta nao huvuliwa kwa Rapala, hasa zile kubwa zenye mdomo wa chuma, na aghalabu jina huwa limeandikwa papo hapo mdomoni.

Nikaupangusa kwa ncha ya leso. Herufi zikajitokeza: M, B, O. Kimbo! Lilikuwa bati la kopo la mafuta ya kupikia. Na mti wenyewe ulikuwa ule mwepesi uotao kandokando ya ziwa, ambao wavuvi huufanyia maboya.

Kijana aliinama asiseme neno. Nami, nikiikumbuka ile karo, sikujua pa kutazama. Lakini mama alimchukua samaki, akamgeuza mara mbili, akaangua kicheko.

"Kumbe ni yeye! Kopo langu la chumvi! Nililitafuta mwaka mzima, nikamsingizia jirani."

Jioni kijana alirudisha msasa dukani. Mwenye duka alikataa kutoa pesa, akampa sabuni.