Siku Moja katika Ngome za Gondar

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba ngome za wafalme, zenye minara na kuta nene, hupatikana Ulaya tu. Nasi tulidhani hivyo, hata mwaka 2018 tulipofika katika milima ya kaskazini ya Ethiopia, katika mji wa Gondar, ulio juu ya bahari kwa mita zaidi ya 2,000. Tulikuwa watu sita wa parokia moja, pamoja na padri wetu. Asubuhi ile baridi ilikuwa kali, na mama mmoja kati yetu, mzaliwa wa Kalemie kando ya ziwa, alijifunika kitenge hata masikioni.

Kiongozi wetu alikuwa mtu wa makamo, mwenye shuka jeupe mabegani, naye alisema Kifaransa polepole na kwa usahihi. Padri wetu alimwita "Abba", kama Wahabeshi wawaitavyo mapadri wao. Nasi tukamwita Mzee.

Ukuta uzungukao ngome una urefu wa mita 900 hivi, na ndani yake kila mfalme alijijengea jumba lake, asikae katika la baba yake. Lililo kubwa ni la mfalme Fasiledes, aliyetawala tangu 1632 hata 1667. Ndiye aliyeuanzisha mji huu mwaka 1636. Kabla yake wafalme walihamahama na kambi zao za mahema. Jumba hilo ni la mawe meusi-mekundu, na katika pembe zake nne imesimama minara ya mviringo, kila mmoja umefunikwa kwa kuba kama nusu ya yai.

"Mzee, ni Wareno waliolijenga?" akauliza kijana wetu, mwanafunzi wa sekondari.

Mzee akasimama. "Swali hilo naulizwa kila siku," akasema. Akaeleza ya kuwa askari 400 wa Kireno walifika nchini mwaka 1541 kumsaidia mfalme vitani, na waliosalia walioa huko huko. Lakini jumba hili lilijengwa baada ya mapadri Wayezuiti kufukuzwa. Balozi wa Yemen aliyelitazama mwaka 1648 aliandika kwamba fundi mkuu alikuwa Mhindi. Ujuzi wa kujenga kwa chokaa ulienea wakati wa Wayezuiti, kweli. Lakini mfalme aliyeamuru kazi ile alikuwa Mhabeshi.

"Na mapadri, kwa nini walifukuzwa?"

Hapo Mzee akanyamaza, akatazama chini. Ndipo padri wetu akajibu mwenyewe, amesimama kivulini mwa jumba la yule aliyewafukuza. Alitusimulia habari za Padri Pedro Páez, Mhispania, aliyefika mwaka 1603, akajifunza lugha za nchi, akakaa na watu kwa saburi. Mfalme Susenyos, baba yake Fasiledes, alijitangaza kuwa Mkatoliki mwaka 1622, na mwaka huo huo Páez akafa. Baadaye akaja Patriarka Afonso Mendes. Huyu aliagiza Wakristo wale wa tangu zamani wabatizwe upya, mapadri wao wapewe daraja upya, na desturi zao nyingi zikomeshwe. Watu wakaasi. Mwaka 1632, baada ya vita vilivyoua maelfu ya wakulima, Susenyos alirudisha dini ya zamani na kumwachia mwanawe kiti.

"Injili walikuwa nayo miaka zaidi ya elfu," akasema padri. "Walichokataa ni kudharauliwa."

"Abba," Mzee akasema, "mgeni akiwa Mkatoliki, mimi huiruka habari hii. Hata leo nilitaka kuiruka."

Tangu hapo alituongoza kwa namna nyingine, kama mtu anayeonyesha jamaa nyumba yake. Tulipita haraka penye jumba la Iyasu, lililobomolewa na tetemeko la mwaka 1704, kisha na mabomu ya Waingereza mwaka 1941, walipowapiga Waitalia waliokuwa wamekaa humo. Tuliona na vibanda vya simba wa wafalme, vitupu. Vijana wetu walipiga picha hapo kuliko mahali pengine pote, jambo lililotuchosha kidogo.

Jioni tukapanda hadi kanisa la Debre Berhan Selassie. Mwaka 1888 jeshi la Mahdi kutoka Sudan liliteketeza makanisa ya Gondar, na hili likasalimika; Wahabeshi husema nyuki ndio waliolilinda. Dari yake yote imechorwa nyuso za malaika, safu kwa safu, macho makubwa yakielekea huku na huku. Kabla ya kuingia tulivua viatu. Mzee alibusu mwimo wa mlango, na padri wetu, baada ya kusita kidogo, akaubusu vilevile.

Mama wa Kalemie alikaa ndani muda mrefu, shingo ameikunja nyuma, akiwahesabu malaika kwa kidole. Tulipotoka mvua ilikuwa imeanza. Mzee alikuwa amekwisha kuviondoa viatu vyetu vyote uani na kuvipanga chini ya paa, vya padri vikiwa mkononi mwake.