Zamu ya Wakazi, East 104th Street

Ukishuka treni namba 6 kwenye kituo cha 103rd Street unaibukia Lexington Avenue, katikati ya East Harlem, eneo ambalo wenyeji wake wa asili ya Puerto Rico wanaliita El Barrio. Vinyozi, maduka ya simu, muziki kila mlango. Kata kulia uingie East 104th Street, na hapo namba 175 utakuta jengo jembamba la matofali mekundu lililojengwa miaka ya 1880 kwa ajili ya kikosi cha zima moto, enzi ambazo mitambo ilivutwa na farasi. Tangu 2012 ni nyumba ya kamera.

Mwenye nyumba ni Manhattan Neighborhood Network, shirika lisilo la biashara linaloendesha chaneli za wakazi wa Manhattan. Makao yake yako West 59th Street; hili ni tawi. Niliingia jioni, maana watangazaji wa hapa mchana wako kwenye kazi zao nyingine. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akibandikwa maikrofoni kifuani na kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Kamera zilipowashwa, alianza kueleza habari za kodi za nyumba kwa Kihispania cha mbio, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Taa moja ilimmulika vibaya. Hakujali, na nadhani watazamaji wake nao hawakujali.

Utaratibu wenyewe hauna makuu. Mkazi anapitia mafunzo, akifuzu anaazima vifaa au anapangiwa studio, kisha analeta kipindi. Aliyetangulia kuomba ndiye anayetangulia kupewa nafasi. Matangazo ya biashara ni marufuku, na hakuna mhariri wa kuuliza kama kipindi kitapendwa. Ndiyo maana kwenye televisheni za namna hii chama cha wapangaji hufuatwa na mchungaji wa kanisa dogo, naye akafuatwa na mtu anayelitesa gitaa nusu saa nzima. Vingi havitazamiki, tusidanganyane. Lakini yule mama wa kodi angemaliza maneno yake wapi kwingine?

Fedha zinatoka chini ya lami. Kampuni za kebo hupitisha nyaya zao kwenye barabara za umma, na mji unazitoza kwa ruhusa hiyo. Manhattan ilianza kupata chaneli za raia mwaka 1971, mwaka huohuo George Stoney na Red Burns walipoanzisha kituo cha kufundishia watu video katika Chuo Kikuu cha New York. Sheria ya taifa ya 1984 ikaipa miji nguvu ya kudai chaneli hizo ndani ya mikataba, na ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya kebo. Sasa Wamarekani wanaihama kebo na kukimbilia intaneti. Kila anayekata waya wake anapunguza fungu la studio hizi.

Hilo ni tatizo la mfuko. La pili lilianzia hapahapa nje, kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mwaka 2012, jengo lilipozinduliwa kwa hafla ya waalikwa, mtengenezaji wa filamu DeeDee Halleck na mshairi Jesús Papoleto Meléndez hawakualikwa. Wakasimama mlangoni na kamera, wakahoji watu, wakatengeneza filamu inayolishutumu shirika kwa kuwapuuza watu wa East Harlem. Shirika liliirusha. Malalamiko yakaja, ugomvi ukakolea, na wote wawili wakasimamishwa kutumia huduma zake.

Wakalishtaki shirika, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Juni 2019, majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba shirika hili si mkono wa serikali, hivyo kifungu cha katiba kinacholinda uhuru wa kusema hakilibani. Jaji Sotomayor, mmoja wa wale wanne, alipinga: mji ndio ulioliteua lifanye kazi ambayo mji wenyewe ulikuwa na wajibu nayo.

Mimi naona Sotomayor alikuwa na haki. Barabara ni za umma, chaneli zimedaiwa kwa jina la umma, halafu mkazi akifungiwa mlango anaambiwa hii ni nyumba ya mtu binafsi. Kanuni ya New York ya kumpa nafasi aliyetangulia haikuguswa na hukumu ile. Kinachokosekana ni kinga ya katiba.