Barua kutoka Salt Lake City: Posa na iende, lakini kwanza someni vyeti

Shangazi,

Picha za vyeti vya ubatizo zimefika. Vyote viwili vinasomeka, ingawa cha upande wa mchumba kimeliwa na mchwa pembeni. Uliniuliza kama mjukuu wako apeleke posa pale Mpanda, au kama tutakuwa tunaozana wenyewe kwa wenyewe. Jibu langu ni aende. Ila humo ndani nimekuta jambo, na ni heri wazee wa pande zote mbili walijue kabla mshenga hajapiga hodi.

Umemuuliza mtu anayeishi penye mambo ya nasaba. Hapa Utah kila tarehe 24 Julai ni sikukuu: wanaukumbuka msafara wa Wamormoni walioingia bonde hili mwaka 1847 wakiongozwa na Brigham Young. Hadi reli ilipokamilika mwaka 1869, watu wapatao 70,000 walikuwa wamefuata njia hiyo, wengine wakivuta mikokoteni kwa mikono. Siku hizi wawili wakikutana kazini, chai haijapoa wameshajua kwamba mababu zao walisafiri pamoja. Kanisa lao lina maktaba ya nasaba katikati ya mji, yeyote anaingia bure, na filamu za kumbukumbu zimehifadhiwa ndani ya mlima wa mawe. Wamefika hata Ghana kurekodi wazee wanaotaja koo zao kwa mdomo. Jirani yangu aliponiuliza waanzilishi wa kwetu ni akina nani, nikamwambia wapo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Alingoja nimtajie chifu. Nikamwambia habari za watoto waliokombolewa utumwani. Unajua wewe kuliko mimi: ngome ya Karema aliijenga Mbelgiji Cambier mwaka 1879, Mapadri Weupe wakaipokea mwaka 1885, na watoto waliokombolewa wakalelewa pale, wakaozeshwa, wakapewa mashamba kandokando ya misheni. Babu yetu mkubwa alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana tukihesabu ukoo tunakomea kwake. Nyuma yake kuna njia ya msafara wa watumwa tu.

Nikamsimulia pia Daktari Adriano Atiman. Mtoto wa pande za Timbuktu, akatekwa, akakombolewa na mapadri huko Algeria, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu wa ziwani maisha yake yote, hadi alipofariki mwaka 1956. Akamwoa Agnes Wansabira, binti wa Kibende wa nyumba ya kichifu. Fikiria posa hiyo, Shangazi! Bwana harusi hana baba mdogo wala mjomba wa kukaa naye mkekani. Mimi nadhani wakombolewa wote walikuwa na shida hiyohiyo, na Karema ikawatengenezea jamaa wapya: wasimamizi wa ubatizo, mashahidi wa ndoa, majirani wa shamba.

Sasa rudi kwenye vyeti. Familia ya mchumba siku zote tumewajua kuwa watu wa reli, waliokuja na tawi la Kaliua kufanya kazi kwenye mgodi wa risasi. Kwa babu yao ni kweli. Lakini bibi mzaa babu yao alibatizwa Karema, na msimamizi wake ni mama wa babu yako. Kwanza nilisita, maana Karema haijawahi kupungukiwa na akina Agnes na Maria. Jina la ubatizo peke yake halithibitishi kitu. Lakini hapa jina la msimamizi limeandikwa pamoja na lake la nyumbani, na kijiji ni kilekile kilichoandikwa kwenye cheti chetu.

Damu haipo. Na kwa upande wa Kanisa, sheria ya 1917 ilimzuia msimamizi kuoana na aliyemsimamia, haikugusa vitukuu. Ile ya 1983 ikakiondoa kabisa kizuizi hicho. Paroko atawathibitishia. Wazee wetu wa kuchunguza uchumba huuliza ukoo, ugonjwa na uchawi. Msimamizi hawamuulizi, wakati kwa watu kama sisi huyo ndiye aliyekuwa ukoo.

Kabla ya posa nenda kwa yule bibi yao mzee pale Kashaulili, Mpanda, uende na kijana mwenye simu ya kurekodi. Usimuulize nasaba, atachoka upesi. Muulize mama yake alimwita nani shangazi, sikukuu walikula kwa nani, kwenye msiba nani aliwapikia. Jina la bibi yetu aliyekuwa msimamizi usilitaje wewe. Ngoja alitaje mwenyewe. Akilitaja, mshenga atafutwe upande wetu wa Karema, si yule rafiki wa kazini ambaye mjukuu wako anamtaka.

Na mahari tusiombe punguzo kwa sababu ya usimamizi huo wa ubatizo. Nauli nimekutumia kwenye simu, ya kwako na ya kijana.