Kompyuta ililala, batri ikakesha

Wengi wenu mliniuliza kwa nini asubuhi ile redio ilinyamaza, na tulikuwa tumeahidi kusoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi njiani kati ya Nyabiondo na Kashebere. Leo nawajibu.

Haikuwa vita, haikuwa mvua. Ilikuwa batri.

Studio yetu inaishi kwa jua, na huku Masisi ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne ya asubuhi. Kwa hiyo umeme wa matangazo ya asubuhi ni ule tuliobakiza jana. Jioni ile nilizima kompyuta, nikafunga mlango. Bafle, imprimante, meza ya kuchanganyia sauti na konvertisere vilibaki vinawaka.

Fundi alipima: vyote pamoja vinakula wati 30 hivi. Kwa saa 12 za usiku ni ampea-saa 30 za batri ya volti 12. Batri yetu ni ya 100, na haifai kuishusha chini ya nusu. Kumbe kila usiku tulimwaga zaidi ya nusu ya akiba yetu.

Kwanza tuliweka multiprizi yenye kitufe kimoja. Mwenzangu, akikimbilia nyumbani kabla ya giza, alibonyeza kompyuta ikiwa bado inajifunga. Sauti ya mama mmoja mhami kutoka Walikale, akimwita mtoto wake, ikapotea. Ilibidi mama arudi kurekodi tena, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nilimwomba msamaha. Alisema tu: «Mutoto asikie, baasi.»

Ndipo fundi akaleta rele ya gari, ya volti 12. Aliiunga kwenye waya wa njano na waya mweusi ndani ya kompyuta. Kompyuta ikiwaka, rele inashika na kupitisha umeme wa batri mpaka konvertisere ndogo inayolisha bafle, imprimante na meza. Kompyuta ikimaliza kujifunga yenyewe, rele inaachia, na vyote vinazimika. Inabaki konvertisere ya kompyuta tu. Hiyo tunaizima kwa mkono, tukisha kuona kompyuta imezimika kabisa. Msijaribu kufungua kompyuta bila fundi.

Nanyi mlio kambini wenye pano ndogo: shikeni chaja isiyo na simu. Ikiwa na joto, inakula umeme wenu. Ichomoeni, na konvertisere muizime mkienda kulala, ili simu iwe na moto siku habari ya kukimbia ikifika usiku.

Kesho saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi tutasoma majina yote, pamoja na sauti ya yule mama. Ukimjua mtoto, njoo ama tuma mtu.