Miimo ya Mninga

Mninga ni mti wa miombo, na miombo ndiyo nguo ya sehemu kubwa ya nchi iliyo kati ya Kilosa na Mikumi. Ukikatwa hutoa maji mekundu yafananayo na damu, na mgeni aonaye jambo hilo mara ya kwanza hurudisha shoka nyuma. Walakini mbao zake zina sifa moja impendezayo seremala kuliko rangi: zikisha kukauka hazipindi wala hazinywei sana. Ndiyo maana mlango wa mninga hufungika wakati wa masika kama ufungikavyo wakati wa kiangazi. Na ndiyo maana miimo miwili na kizingiti, vilivyotiwa zamani katika nyumba moja ya udongo mjini Kilosa, vilibaki vimesimama hata baada ya nyumba yenyewe kwisha.

Nyumba hiyo ilikwisha kwa mafuriko. Mto Mkondoa, ambao reli ya kati huandamana nao bondeni tangu zama za Wadachi, ulivunja kingo zake mwishoni mwa Desemba 2009, na Januari 2010 haukuwa mpole zaidi. Uliharibu reli hata safari za treni zikakatika, ukaingia mitaani, na maelfu ya watu wakahamia katika mahema. Maji yalipopungua, kuta za udongo zilikuwa zimeyeyuka kama sukari, bali fremu ya mlango ilikuwa wima peke yake, mlango wa kuingilia mahali pasipokuwa na chumba. Wenyewe waliing'oa, wakaiosha matope, wakaipandisha darini kwa jamaa aliyekaa mwinukoni, ikalala huko miaka saba.

Mwenye kuitamani alikuwa kijana wa nyumba ile ile, fundi wa vitanda na makabati, ambaye kila Jumamosi alisafiri mpaka Mikumi kupiga gitaa katika baa moja kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Gitaa halikuwa lake. Hili ni jambo la kale katika muziki wa dansi wa Tanzania: vyombo ni mali ya mwenye bendi, na mpigaji ana vidole vyake tu. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na baada yake jeshi, polisi na mashirika ya umma yaliunda bendi kwa mtindo huo huo. Mpigaji aliyekosana na wakubwa alitoka mikono mitupu. Morogoro, mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, na wa Mbaraka Mwinshehe aliyeling'arisha gitaa la solo katika Morogoro Jazz kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973, uliwatia vijana wa wilaya za jirani hamu ya gitaa, haukuwapa magitaa. Fundi huyu naye alinyang'anywa chombo usiku mmoja katikati ya wimbo, mbele ya watu, kwa sababu ya ugomvi wa nauli. Alirudi Kilosa alfajiri, akaenda moja kwa moja kuitazama ile fremu darini.

Lakini katika nchi ya Wasagara na Wakaguru ukoo hufuata upande wa mama, na kitu cha nyumba ya mama hakiguswi bila neno la mjomba. Mjomba alikuwa akijenga nyumba ya matofali juu ya mwinuko, na katika hesabu yake fremu ile ilikuwa tayari imekwisha kupewa mahali.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nimesikia unataka kuupasua mlango wa mama yako."

"Sitaki kuupasua, mjomba. Nataka uimbe."

Mzee hakucheka. Alisema kwamba kati ya miimo ile alipita bibi yake fundi akiwa bibi arusi, na kati ya miimo ile ile akatolewa akiwa maiti. Tangu lini mlango ukaenda baa? Maneno hayo yalikuwa mazito, na hapana haja ya kuyafanya mepesi. Ubishi ulichukua wiki tatu. Mwisho mama ndiye aliyeukata: fundi achukue fremu, lakini kwanza amtengenezee mjomba fremu mpya ya mtiki, kwa mbao za kununua, naye asidai ujira. Fundi alikubali, akatimiza, na gharama ya mtiki ikamla akiba yote aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya nyuzi na waya.

Basi ilimpasa kutafuta vitu vilivyotupwa. Watu wa mjini hucheka wasikiapo gitaa la umeme limetengenezwa uani, nao hawajui kwamba moja ya magitaa mashuhuri sana duniani lilizaliwa vivyo hivyo. Agosti 1963, karibu na London, kijana wa miaka 16 aitwaye Brian May alianza kutengeneza gitaa pamoja na baba yake. Shingo waliichonga kutoka katika mbao ya mapambo ya meko ya zamani, na matundu ya dudu waliyoyakuta humo waliyaziba kwa njiti za kibiriti; springi walizitoa katika injini ya pikipiki kuukuu, na alama za shingoni walizifanya kwa vifungo vya nguo. Kazi iliwachukua kiasi cha miaka miwili. Gitaa hilo ndilo lililopigwa miaka yote ya bendi ya Queen, kando ya mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Kwa hiyo sauti ya mtoto wa Unguja ilitembea dunia nzima ikisindikizwa na mbao za meko. Ajabu ni kwamba jambo hilo halisimuliwi sana katika karakana zetu.

Fundi aliukata mwimo mmoja vipande vitatu, akavipiga randa, akaviunganisha kwa gundi na kuvibana kwa jiliwa siku mbili, akapata kiwiliwili. Mwimo wa pili ulitoa shingo. Matundu ya bawaba yalionekana upande wa chini wa kiwiliwili. Angeweza kuyaziba, asiyazibe. Juu ya shingo aligandisha ubao mwembamba wa mpingo, aliopewa na mchonga vinyago wa Mikumi kutoka katika mabaki yake. Mpingo ni mti mzito hata kipande chake huzama majini, nao huchosha tupa na patasi upesi. Lakini hauliwi na vidole wala na nyuzi za chuma, na kwa sababu hiyo wenye viwanda vya zumari na klarineti huko Ulaya huutafuta mpaka misitu ya kusini mwa Tanzania. Vile vyuma vidogo vinavyokingama shingoni alivikata kutoka katika spoki za baiskeli. Nyuzi mbili nyembamba alizitoa katika waya wa breki ulionyumbuliwa, kwani gitaa la umeme halitaki nyuzi za nailoni: sumaku haiijui nailoni.

Hapo pana siri ya chombo chote. Chini ya nyuzi hukaa sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika huitikisa nguvu ya sumaku, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo sana ndani ya waya, ambao amplifaya huukuza hata ukawa sauti. Fundi alipata sumaku katika spika mbovu za redio, na waya katika mashine ndogo zilizoungua. Aliuzungusha kwa gurudumu la cherehani ya mkewe, mwanawe wa miaka kumi akihesabu kwa sauti na kuweka punje ya mahindi katika bakuli kwa kila mizunguko mia. Waya ulikatika mara nne. Mara ya tano bakuli lilifika punje 70, wakasimama hapo.

Kazi ya kung'arisha ilimpa raha kuliko zote. Lugha yetu imehifadhi humo kumbukumbu nzuri: msasa ni jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi ya dukani, na majani yake makavu yenye kukwaruza ndiyo yaliyolainisha mbao za wazee. Fundi alitumia karatasi, kisha jani, kisha kitambaa na vanishi, tabaka baada ya tabaka, akingoja kila moja likauke mbali na vumbi la barabarani. Wekundu wa mninga ulitoka polepole, kama uso wa mtu aamkaye.

Gitaa lilipelekwa Mikumi, katika baa nyingine. Juu ya mji huo, kwenye nguzo ndefu, umeme wa Kidatu hupita kuelekea Morogoro na Dar es Salaam tangu mwaka 1975; sehemu ndogo sana ya umeme huo iliingia usiku ule katika amplifaya, na mlango wa Kilosa ukaimba. Uliimba vizuri karibu na kichwa cha shingo. Vidole vilipopanda kufika chuma cha kumi na mbili, ambako uzi hutakiwa kutoa sauti ile ile ya wazi iliyopanda oktava moja, sauti ilikuwa chini kidogo. Mcheza dansi asingeijua. Mpiga gitaa wa pili aliijua, akaacha kupiga, akatazama chini. Hakuna tusi lililotamkwa, na pengine tusi lingekuwa afadhali.

Kosa lilikuwa katika hesabu. Fundi alifundishwa na mzee mmoja, mtengenezaji wa magitaa makavu, kwamba urefu wa uzi hugawanywa kwa 18 ili kupata mahali pa chuma cha kwanza, na mabaki hugawanywa tena kwa 18, na kuendelea. Kanuni hiyo si ya kipumbavu. Vincenzo Galilei, baba wa mtaalamu wa nyota, aliiandika Italia katika karne ya 16. Lakini kigawanyo halisi ni 17.817, na katika uzi wa milimita 648 tofauti hiyo ndogo hujikusanya, hata chuma cha kumi na mbili hukaa milimita 321.6 kutoka kichwani badala ya 324. Mwalimu mmoja wa hisabati ndiye aliyemwonyesha hayo kwa chaki ubavuni mwa kabati lisilopakwa rangi.

Fundi alidhani itambidi aung'oe mpingo wote na kuchonga upya, na mpingo mwingine hakuwa nao. Alikaa siku kadhaa bila kuligusa gitaa. Kisha mwanawe, aliyekuwa akiitazama hesabu ile ubavuni mwa kabati, aliuliza: ikiwa 321.6 haiwezi kuwa nusu ya 648, ni nusu ya ngapi? Jibu ni 643 na kidogo. Kwa hiyo haikulazimu kuvihamisha vyuma. Kigodo kinachoinua nyuzi chini kabisa ndicho kilichotakiwa kusogea mbele. Kwa hesabu tupu ilikuwa milimita 4 na zaidi. Kwa kuwa kidole kikandamizacho uzi huukaza na kuupandisha sauti, milimita 3 zilitosha. Vyuma vyote hadi cha kumi na mbili vilikubaliana mahali pao, kila kimoja kikikosa chini ya nusu milimita.

Mjomba alikuja kulisikiliza siku ya Idi. Hakusema kitu wimbo ulipokwisha. Alilichukua gitaa magotini, akaligeuza, akapapasa kwa kidole gumba mpaka akayapata matundu ya bawaba, akakitia kidole chake hapo.

"Bado ni mlango," alisema. Kisha akamtazama mpwa wake. "Nawe ukifa, utaachiwa nani?"

Fundi alimtazama mwanawe, aliyehesabu mizunguko 7,000 na kuliokoa gitaa kwa swali moja. Halafu akamtazama mtoto wa dada yake, aliyekuwa amelala mkekani, hajatimiza mwaka.

"Mambo hayo, mjomba," alisema, "tutayazungumza."

Mzee alimrudishia gitaa, akaomba wimbo mwingine.