Korona, Kufuli na Mshahara wa Kipande

Katika kiwanda cha mkonge watu huumia mahali palepale, miaka nenda miaka rudi. Korona, mtambo unaokwangua majani ili kubakiza singa, hukamata mikono. Chumba cha kusafishia singa kwa brashi huharibu vifua kwa vumbi. Kwenye mashine ya kufungia robota, ambazo huwa na kilo 250 kila moja, huumia migongo na miguu. Shambani, mwiba ulio kwenye ncha ya jani hutafuta macho ya mkataji, na utomvu humwasha ngozi. Hatari inayojulikana mahali ilipo inaweza kuzuiwa. Hata hivyo, mwandishi wa kumbukumbu hizi alipoajiriwa kuwa fundi msaidizi kwenye shamba moja wilayani Korogwe, kitabu cha ajali kilitaja chanzo kimoja karibu kila ukurasa: uzembe wa mfanyakazi. Maelezo hayo yalimfaa mwenye kiwanda, kwani hayakumdai anunue hata boliti moja.

Ili kuelewa kwa nini korona hukamata mikono, ni lazima kujua inavyofanya kazi. Majani hupangwa na kushikwa yakipita mbele ya ngoma mbili zenye visu butu; ya kwanza hukwangua nusu ya jani, ya pili hukwangua nusu iliyobaki, huku maji yakimwagika bila kukoma. Takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani ndiyo hutoka kuwa singa. Kinachobaki ni maji na makapi, na makapi ndiyo yanayoziba mtambo. Korona inapokwenda vizuri, hakuna anayeigusa ndani. Mkono huingia pale inapokwama. Kuizima maana yake ni kungoja ngoma nzito ziishiwe mwendo, kutoa makapi, kisha kuwasha upya. Na mlishaji anayelipwa kwa kipande anajua kwamba muda wote huo hana anachoingiza. Basi huchomoa makapi ngoma zikizunguka. Bango lililoandikwa HATARI haliwezi kushindana na unga wa watoto.

Ndiyo maana hatua ya kwanza iliyofaa katika kiwanda hicho haikuwa ya chuma bali ya daftari la malipo. Mwandishi, ambaye wakati huo alikuwa msimamizi wa usalama, aliomba dakika za mtambo kusimama zihesabiwe kuwa kazi. Mhasibu alipinga sana kuliko mtu mwingine yeyote. Ombi lilipokubaliwa, wanyapara walianza kuandika saa za kusimama, na daftari hilo likaonyesha jambo ambalo mafundi walikuwa wakilisema siku zote: korona ilikwama zaidi pale visu vilipochakaa.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja zamu ya chuma. Wavu wa kukinga uliofungwa kwa nati hufunguliwa mara moja na haurudi tena, kwa sababu spana iko karakana. Wavu wenye bawaba, uliounganishwa na swichi inayokata umeme ukifunguliwa, hubaki mahali pake. Kamba ya kusimamishia mtambo ipite kando ya mlishaji, mahali anapoweza kuivuta hata kwa kiwiko.

Kufuli linahitaji maelezo marefu kidogo. Fundi anayebadilisha visu huinama ndani ya mtambo, na aliye kwenye chumba cha swichi hamwoni. Kwa hiyo kila fundi hufunga swichi kuu kwa kufuli lake mwenyewe, lenye ufunguo mmoja anaoutia mfukoni. Wakiwa watatu, makufuli ni matatu. Mameneja wengi hutaka ufunguo wa akiba, na hapo ndipo utaratibu mzima hufa, maana umeme unaweza kuwashwa na mtu asiyejua nani yumo ndani. Fundi akiondoka na ufunguo, kufuli likatwe, lakini baada ya mtambo kukaguliwa kwa macho na mwenyewe kutafutwa.

Sheria nayo ilisaidia, ingawa polepole. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi ulianzishwa mwaka 2001, na sheria yake, Na. 5, ikapitishwa mwaka 2003. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliunda Mfuko wa Fidia, ambao mchango wake hutoka kwa mwajiri wala haukatwi kwenye mshahara.

Zawadi kwa timu iliyomaliza mwezi bila ajali ni jambo la kuepukwa. Ilipojaribiwa, wenye majeraha walijificha kambini ili wenzao wasikose sukari na sabuni. Kinachofaa kulipiwa ni taarifa ya ajali iliyokaribia kutokea.

Buti, glavu na barakoa huja mwisho. Vumbi la brashi livutwe kwa feni kabla halijafika puani. Glavu karibu na ngoma ni hatari kuliko mkono mtupu, kwani kitambaa hunaswa kwanza na kuvuta kiganja. Shambani, miwani hupata ukungu kwa jasho na huvuliwa kabla ya saa nne asubuhi. Mkataji hulindwa zaidi kwa kukata mwiba kabla hajainama kufunga mzigo wa majani.